Paka au mbwa kwenye nyumba ya kupanga: nani utahama naye?

Nilipohama Kimanga kwenda Segerea, hapahapa Dar es Salaam, vitu vyangu vyote vilienea kwenye kirikuu kimoja. Paka wangu Kibibi nilimpakata mwenyewe, ndani ya tenga la kuku nililolifunika kanga. Alilia njia nzima. Tulipofika nilimfungulia sebuleni, nikamwekea dagaa, nikaendelea kupanga vyombo. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kwa sababu vijana walikuwa wanaingiza godoro. Hadi magharibi Kibibi hakuwepo. Siku ya 9 jirani wa zamani akanipigia: "Dada, paka wako yuko huku. Amekaa mlangoni kwako analia kama anabisha hodi." Na mlango ule ulishapata mpangaji mwingine.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza afuge nini kwenye nyumba ya kupanga, sianzi na chakula wala uzuri wa mnyama. Namuuliza: ukiambiwa uhame, huyu ataenda wapi? Anayeishi kwake hana haja ya swali hilo. Sisi tunalipa kodi ya miezi 6 au ya mwaka, na kila mkataba ukikaribia kuisha lolote laweza kutokea: kodi inapanda, nyumba inauzwa, kijana wa mwenye nyumba anaoa na vyumba vinatakiwa. Paka anayetunzwa anaweza kufika miaka 15. Mbwa wa kienyeji aliyechanjwa na kulishwa anaweza kufika 12. Hesabu mwenyewe utafungasha mara ngapi katika miaka hiyo.

Nimefuga paka kwenye vyumba vya uani, na nimefuga mbwa kwenye nyumba ya kujitegemea. Tofauti kubwa niliyoiona ni hii: paka anakubalika karibu kila nyumba, ila mwenyewe hakubali kuhama. Mbwa yuko radhi kuhama nawe hata mara 10, ila nyumba za kumpokea ni chache. Mengine yote yanaanzia hapo.

Vyumba vya uani

Nazungumzia nyumba ya vyumba 6 yenye korido katikati, choo na bomba uani, na majiko ya mkaa yamejipanga ukutani. Hapa sizunguki: paka ndiyo, mbwa hapana.

Paka huingia kimyakimya. Wenye nyumba wengi hawamhesabu hata kuwa ni mfugo. Wakimwona wanauliza tu kama anakamata panya. Na panya kwenye nyumba hizi ni shida ya wote, hivyo paka wa chumba kimoja anawafaa watu wa vyumba vyote. Kule Kimanga jirani wa chumba cha mbele alikuwa anaweka unga kwenye ndoo yenye mfuniko, na juu ya mfuniko jiwe. Kibibi alipomaliza mwezi mmoja, lile jiwe likawa la kuegeshea mlango.

Ugomvi wa paka uani huanzia kwenye mambo mawili, samaki na kinyesi. La samaki unalimaliza kwa kumlisha kabla majirani hawajabandika sufuria, yaani asubuhi mapema na jioni kwenye saa 11. Paka aliyeshiba bado atanusa kikaango cha jirani, ila hatakirukia. La kinyesi linataka kazi zaidi. Paka anapenda kufukia, na mchanga laini ulio karibu ni lundo la ujenzi la mwenye nyumba au mahali watoto wanapochezea. Chukua beseni lililopasuka mdomo, lijaze mchanga, liweke pembeni ndani ya chumba chako, na ulizoe kila siku bila kukosa.

Kuzoa kila siku kuna sababu kubwa kuliko harufu. Kwenye kinyesi cha paka kunaweza kuwa na vimelea vya toksoplazma, ambavyo ni hatari kwa mimba. Vinapotoka kwa paka haviambukizi papo hapo. Vinahitaji kati ya siku 1 na 5 kukomaa. Kinyesi kikitupwa ndani ya siku hiyohiyo, hatari inapungua sana. Hata hivyo mama mjamzito asiliguse beseni hilo, amwachie mtu mwingine. Na paka usimpe nyama mbichi wala utumbo usiochemshwa, kwa kuwa huko ndiko anakoweza kuvipata, kama anavyovipata kwa panya na ndege anaowala.

Kuna jambo la tatu ambalo halileti ugomvi, linaleta kilio: sumu ya panya. Panya aliyekula sumu mara nyingi hafi papo hapo. Anazubaa, anatembea kama mlevi, na hapo ndipo paka anamkamata kirahisi. Kabla hujamleta paka, pita chumba kwa chumba uwaombe wenzako waache kutega sumu. Ombi hilo linapokelewa vizuri ukiwaambia paka ndiye atakayeifanya kazi hiyo. Na wewe mwenyewe usimpe paka kidonge cha parasetamo hata awe anaungua kwa homa. Kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Sasa mbwa. Uani ndipo watu wanapopikia chini, wanapofulia, watoto wanapotambaa, na ndipo wengi wanapotawadha. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo yana wafuasi wengi pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alicholamba huoshwa mara 7, na mojawapo kwa udongo. Paka hukumu yake ni nyingine. Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, akaeleza kwamba Mtume alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wale wanaowazungukazunguka watu. Kwa hiyo jirani Mwislamu anayemkubali paka wako na kumkataa mbwa wako usimwone ana roho mbaya. Ukimleta mbwa uani unambebesha kazi ya kuosha na kufua isiyokwisha, naye hakuiomba. Mbwa wa ulinzi, wa kuwinda na wa kuchunga wameruhusiwa, lakini mahali pao ni nje, na chumba cha uani hakina nje.

Mwaka wangu wa pili pale niliuliza kuhusu mbwa. Mama mwenye nyumba alinikalisha kwenye kibao, akanijibu kwa upole: "Mwanangu, humu watu wanaswali. Paka nimekukubalia, mbwa usiniletee." Nikamwitikia, "Sawa mama," na nikaridhika. Hata kama asingekuwepo wa kuswali, mbwa angefungwa kamba fupi karibu na choo mchana kutwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mfugaji ampe mnyama chakula, maji na matibabu, na asimtese. Kamba ya mita 1 kwa maisha yote ni mateso, hata kama sahani imejaa.

Nyumba ya kujitegemea ndani ya fensi

Hapa mizani inageuka. Mwenye nyumba anayeishi mbali na nyumba yake mara nyingi humfurahia mbwa, kwa sababu mbwa analinda ukuta, tangi na nyaya za mwenye nyumba bila mshahara. Wangu wa Segerea alinijibu kwa simu: "Mbwa sawa, binti yangu. Lakini akimuuma mtu, mimi sipo." Niliona ni jibu la haki.

Uliza kwanza kama fensi ni yako peke yako. Siku hizi ndani ya geti moja kuna nyumba 2 au 3, na kila mpangaji ana wageni wake, dada wa kazi wake, kijana wa maji wake. Mbwa hajui mgeni ni wa nani. Mbwa wangu Simba hakuwahi kuuma mtu, lakini mtoto wa nyumba ya pili aliacha kupita upande wetu kwa wiki nzima kwa sababu alimrukia kwa furaha akamwangusha. Nilikwenda kwa mama yake na Simba akiwa kwenye kamba, nikamwonyesha kadi ya chanjo, mtoto akamlisha mkate kwa mkono wake mwenyewe. Kama nisingekwenda siku ileile, maneno yangefika kwa mwenye nyumba kabla yangu.

Kadi ya chanjo ni lazima uwe nayo. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa mbwa akitimiza miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na mara nyingi karibu na siku hiyo ndipo halmashauri hutangaza kampeni za kuchanja. Muulize ofisa mifugo wa kata yako. Ugonjwa huu dalili zikishaanza kwa binadamu haponi, ila unazuilika kabisa. Watu wa Pemba waliutokomeza kwa kuchanja mbwa wao, ukarudi mwaka 2016, wakachanja tena hadi ukaisha. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, hata wako aliyechanjwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Paka naye achanjwe, maana anaambukizwa na anaambukiza, ingawa wengi wanamsahau.

Gharama: hapa mbwa anampita paka mbali. Kibibi alitosheka na dagaa konzi moja na wali kidogo, akajaziliza kwa panya. Simba alikuwa anamaliza kilo ya dona kwa siku 3, na juu yake miguu na vichwa vya kuku nilivyovichemsha kila jioni. Ongeza dawa ya kupe na viroboto, dawa ya minyoo, na banda. Ukitaka mbwa wa kizungu mwenye manyoya mengi, kumbuka joto la Dar es Salaam la Januari na Februari. Nimemwona mmoja amelala sakafu ya bafu mchana kutwa anahema. Kwa mpangaji namshauri mbwa wa kienyeji, tena jike aliyefungwa kizazi. Jike asiyefungwa akiingia kwenye joto la kutaka dume, ambalo huja kama mara 2 kwa mwaka, madume ya mtaa mzima yatalala getini kwako na majirani hawatafumba macho.

Paka jike naye afungwe, na kwake ni haraka zaidi. Anaweza kushika mimba akiwa na miezi 5, anabeba kama siku 63, na anaweza kuzaa tena na tena ndani ya mwaka. Mwenye nyumba alikubali paka 1. Wakifika watano, amani imekwisha, na hapo ndipo watu wanapowabeba vitoto kwenye mfuko wa salfeti kwenda kuwamwaga sokoni. Nimewaona Buguruni, macho hayajafunguka vizuri, wanapandiana wao kwa wao kutafuta joto chini ya meza ya nyanya. Asiyekuwa tayari kumfunga kizazi paka jike achukue dume, na dume naye ahasiwe, la sivyo atarusha mkojo kwenye kila mlango wa korido.

Ghorofani, na nyumba ya wenye wengi

Fleti ina mtego wake. Mtu ananunua sehemu yake ghorofa ya 3 akidhani sasa hakuna wa kumuuliza. Kwa sheria yetu ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, chako ni kilichomo ndani ya kuta zako. Ngazi, korido, lifti, paa na uwanja wa magari ni vya wote, na wenye sehemu wanakuwa na chama chao chenye kanuni. Kenya nao wana sheria ya namna hiyo, mpya ya mwaka 2020. Mbwa wako hawezi kufika chini bila kupita kwenye ngazi za wote. Kwa hiyo omba kanuni za jengo uzisome kabla hujalipa hata shilingi, na ukiwa mpangaji wa mwenye fleti usitosheke na neno lake kwamba "mimi sina shida." Yeye hana shida, ila kanuni zinamfunga yeye na wewe.

Paka wa ghorofani ni paka wa ndani moja kwa moja. Weka wavu wa chuma kwenye baraza na madirisha. Paka huanguka, hasa akimfuata ndege. Mbwa mkubwa ghorofani mimi simshauri kwa mtu anayetoka saa 12 asubuhi na kurudi saa 2 usiku. Atabweka, na sauti kwenye kuta za ghorofa inasafiri hadi chini.

Ila umiliki wa pamoja tulioukuta sisi wengi hauna lifti. Ni nyumba ya urithi: baba amefariki, watoto 6 wamebaki, wawili wanaishi humo, mmoja amepangisha chumba chake, waliobaki wako Mwanza na Muscat. Ukipanga chumba kwenye nyumba hiyo, mwenye nyumba wako ni nani? Nimeona mpangaji aliyeruhusiwa mbwa na kaka mdogo, akaamriwa na dada mkubwa amwondoe ndani ya siku 2, na wote wawili walikuwa na haki sawa kwenye kiwanja kile. Ruhusa ya mtu mmoja kwenye nyumba ya wengi ni ruhusa nusu. Tafuta anayeisimamia nyumba, awe msimamizi wa mirathi au yule ambaye ndugu wote wamekubali apokee kodi, na ruhusa yako iandikwe naye. Hata wenye nyumba wenyewe, mmoja akitaka kufuga, waketi kikao. Nyumba ya urithi imeshabeba maneno mengi. Banda la mbwa lililojengwa bila kikao litaongeza mengine.

Kwenye nyumba hizi za urithi paka ndiye anayeleta maneno machache zaidi, na mara nyingi anakuwepo tayari, hana mwenyewe, anakula kwa kila mtu. Kama yupo, usilete wa pili. Mchanje huyohuyo.

Kuku, njiwa, sungura, samaki

Kuku watu wanawapenda kwa sababu wanarudisha gharama. Uani wa watu wengi wanakuwa chanzo cha ugomvi: jogoo anaanza kuwika alfajiri mbichi, utitiri unaingia vyumbani, na kuku anakwenda kwenye mchele wa jirani ulioanikwa kwenye ungo. Ukikubaliwa, fuga mitetea tu ndani ya banda, maana mayai ya kula hayahitaji jogoo. Chanjo ya mdondo, ambao wengine wanauita kideri, ni tone 1 jichoni kila baada ya miezi 3. Bila hiyo unaweza kuamka ukakuta banda zima limelala. Uzuri wa kuku kwa mpangaji ni kwamba siku ya kuhama anauzika au anapikwa pilau ya kuagana. Nasema hivyo nikimaanisha: mnyama ambaye unaweza kuachana naye bila kumtupa ana nafasi yake kwa mtu asiyejua atakuwa wapi mwakani.

Njiwa, hapana. Ukihama nao wanarudi walikozoea, na mpangaji mpya atakuta njiwa 20 juu ya bati lake. Wawe wa mtu mwenye kwake.

Sungura ni kimya, na ndiye ningempa mwenye watoto na baraza ndogo. Shida yake ni mkojo, una harufu kali inayoshika saruji, hivyo banda liinuliwe juu na chini kuwekwe bati la kukinga. Dume na jike wasikae pamoja; mimba ni siku 31 tu.

Samaki wa kwenye tangi la kioo hawana anayewakataa. Angalia uzito: lita 100 za maji ni kilo 100 bila kioo wala mawe, usiziweke kwenye kabati la mwenye nyumba. Umeme ukikatika muda mrefu pampu ya hewa inasimama, basi usiwajaze wengi. Na maji ya bomba yenye dawa yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyamimina.

Kasuku na kobe waache. Hao ni wanyamapori, na kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 huwezi kuwaweka nyumbani bila kibali. Kasuku wa kijivu amewekwa tangu 2017 kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Anayekuuzia barabarani anakuuzia kesi, na ndege aliyekamatwa porini.

Maneno ya kwenye mkataba

Mikataba yetu mingi haisemi lolote juu ya wanyama, au ina mstari mmoja wa "mpangaji haruhusiwi kufuga." Usikwepe mstari huo kwa kumficha mnyama, dalali akileta mteja mpya atamwona. Omba ubadilishwe kabla ya kulipa kodi, wakati bado unasikilizwa. Mimi nilipeleka maneno haya yakiwa yameshaandikwa, na mwenye nyumba alibadilisha neno moja tu:

"Mpangaji ameruhusiwa kufuga mbwa mmoja na paka mmoja. Mbwa atakaa nje na hatafunguliwa geti likiwa wazi. Mpangaji ataonyesha kadi ya chanjo kila mwaka, na atagharamia uharibifu utakaofanywa na wanyama hao. Ruhusa hii haitaondolewa kabla mkataba huu haujaisha isipokuwa kwa kosa lililoandikwa hapa."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayokulinda, kwa sababu bila hiyo mwenye nyumba anaweza kubadili moyo mwezi wa 3 wakati kodi ya miezi 6 iko mfukoni kwake. Neno alilobadilisha lilikuwa "nje", aliandika "bandani." Mjumbe wa shina akashuhudia.

Uingereza wamelipeleka jambo hili kwenye sheria. Sheria ya haki za wapangaji iliyopitishwa mwaka 2025 inampa mpangaji wa nyumba binafsi huko England haki ya kuomba kwa maandishi kufuga, mwenye nyumba anatakiwa kujibu ndani ya siku 28, na hawezi kukataa bila sababu ya maana. Ndugu zetu walioko huko wanaonunua nyumba kwa hisa, sehemu yao na sehemu ya shirika la makazi, wanaongozwa na hati ya mkataba wao, wasome humo kwanza. Kwetu hakuna siku 28 za kisheria, lakini desturi ya kuomba kwa maandishi na kupewa jibu kwa maandishi tunaweza kuianza wenyewe kesho asubuhi, kwa karatasi na kalamu.

Siku ya kuhama yenyewe

Nyumba ya Segerea ilipouzwa nilipewa miezi 3. Nilitafuta nyumba kwa madalali 4, na kila mmoja nilimwambia mwanzoni kabisa kwamba nina mbwa. Nyumba 7 zilikataa kabla sijaziona. Ya 8, Kinyerezi, ilikubali, na kodi yake ilikuwa juu kuliko nilivyopanga. Hiyo ndiyo bei ya mbwa ambayo haiko kwenye unga wala kwenye chanjo. Ila siku yenyewe Simba aliruka kwenye kirikuu kabla hata ya magodoro, tulipofika akazunguka fensi mara 2, akakojolea kona zote, na usiku huohuo akalala getini akibwekea pikipiki kama aliyezaliwa pale.

Usipopata kabisa nyumba ya kumpokea, anza kumtafutia mtu mapema, si wiki ya mwisho. Mtu huyo aje kumzoea mara 3 au 4, ampe chakula kwa mkono wake, kisha umkabidhi na kadi yake na sahani yake. Muulize anamtaka wa nini, na ana ukuta au hana.

Kwa paka kazi yote iko baada ya kufika. Chumba kimoja, madirisha yenye wavu, mlango unaofungwa kila mara, na vitu vyenye harufu ya nyumba mliyotoka: beseni lake lenye mchanga wa zamani kidogo, tambara alilolalia. Wiki 3, hata akilia. Mlishe saa zilezile. Siku ya kwanza ya kutoka mtoe akiwa na njaa, umkalie karibu, na chakula kiko ndani.

Kibibi nilikwenda kumchukua Kimanga siku ileile niliyopigiwa simu. Mpangaji mpya alikuwa ameshampa maziwa kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Nilimrudisha Segerea, nikamfungia chumba cha nyuma na kanga ileile ya safari, na kila usiku nilikaa naye sakafuni hadi anyamaze. Siku ya 22 nilifungua mlango. Alitoka hadi kwenye ngazi, akanusa ndala zangu, moja baada ya nyingine, akageuka akarudi ndani kwenye dagaa.